Afya na Nyumba Zetu: Kumwachisha Mgonjwa Mashine ya Pumzi



Katika safari yetu ya karibuni mkoani Mara tulikaa siku chache Musoma, tukapita Bunda, tukafika na Butiama. Kila mahali tulipoketi barazani baada ya sala tuliulizwa maswali ya ndoa, ya mirathi na ya malezi ya vijana, kama ilivyo desturi ya safari zetu. Lakini Bunda tuliulizwa swali ambalo hatukulitazamia, nasi tukaona haifai kulijibu mbele ya watu watatu wa barazani tu, na hali linazigusa nyumba nyingi.

Aliyeuliza ni kijana mmoja mwuza nguo. Baba yake mzazi alishikwa na homa ya matumbo, nayo ikamtoboa utumbo. Akapelekwa katika hospitali moja kubwa mbali na nyumbani, akapasuliwa usiku ule ule, tumbo likasafishwa. Kwa kuwa alikuwa dhaifu mno, na sumu ya ugonjwa imekwisha enea mwilini, hakuamshwa mara baada ya kupasuliwa, bali aliachwa katika usingizi wa dawa, mpira ukiwa kooni na mashine ikimpumulia. Siku ya nne daktari akampigia simu kaka mkubwa, akamwambia kwa haraka: "Mzee anaendelea vizuri. Kesho asubuhi tutaanza kumtoa kwenye mashine."

Maneno yale yalipofika nyumbani yalikuwa yamekwisha geuka. Shangazi alisikia kwamba ndugu yake anakatwa pumzi, akaangua kilio. Ami akasema hakuna mwanadamu mwenye amri ya kuondoa roho aliyoiweka Mwenyezi Mungu. Jirani akaja na kisa cha mtu aliyetolewa mashine akafa papo hapo. Jamaa wakamwagiza kaka mkubwa akatae, naye akakataa, na madaktari wakaona heri wangoje kuliko kugombana na ahli wa mgonjwa. Siku tatu zikapita katika mabishano. Mzee alipoachishwa mashine baadaye ilikuwa kwa taabu kubwa, kwa kuwa nguvu ya kupumua imempungua na homa ya mapafu imeanza. Alhamdulillahi alipona, naye yu hai hata leo, ingawa alikaa hospitali wiki nyingi. Kijana yule akamaliza kwa kuuliza: "Shehe, siku zile tulimtetea baba, au tulimdhulumu?"

Kabla ya kumjibu hapana budi tuieleze kazi yenyewe ya mashine hii, kwani hofu nyingi hutokana na kutojua.

Neno moja, mambo mawili

Msiba wa nyumba ile ulianza na neno. Sisi twasema "kumtoa mgonjwa kwenye mashine", na kwa maneno hayo hayo twakusudia mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. La kwanza ni kumwondolea mashine mtu ambaye hapana tena tumaini la uhai kwake. La pili ni kumwondolea mashine mtu ambaye amepata nafuu, ili arudi kupumua kwa nguvu zake mwenyewe. Daktari wa Mwanza, au wa Dar es Salaam, asemapo kwamba mgonjwa aliyepasuliwa ataanza kutolewa mashine kwa kuwa anaendelea vizuri, akusudia hili la pili, na hiyo ni bishara njema.

Madaktari wenye kusema Kiingereza huliita jambo hili la pili kwa neno lile lile watumialo kwa mtoto anayeachishwa ziwa la mama yake. Nasi twaona ni neno la busara. Mama amwachishapo mwanawe ziwa hamnyimi chakula, bali amempeleka kwenye chakula kikubwa zaidi. Wala hamwachishi kwa siku moja, wala hangoji hata awe kijana mwenye ndevu. Amtazama meno yake, tumbo lake na uzito wake, kisha ampunguzia kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa na mashine.

Jinsi tunavyopumua

Kati ya kifua na tumbo la kila mmoja wetu Mwenyezi Mungu ameweka pazia la nyama lenye umbo la bakuli lililofunikwa. Vitabu vya shule huliita kiwambo. Kiwambo kikikaza hushuka, kifua hupanuka, na hewa huingia mapafuni. Kikilegea hupanda, na hewa hutoka. Misuli iliyo baina ya mbavu husaidia, lakini mzigo mkubwa hubebwa na kiwambo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tukichukua mara 15 tu, basi kwa usiku na mchana ni mara 21,600, macho na usingizini, bila ya sisi kuamrisha. Ni nani kati yetu aliyepata kushukuru kwa hata moja katika hizo?

Mgonjwa apasuliwapo kwa kazi kubwa hupewa dawa ya usingizi, na pamoja nayo dawa ya kulegeza misuli, ili daktari apate kufanya kazi ndani ya tumbo au kifua. Dawa hiyo haichagui. Hulegeza na kiwambo. Hapo mpira hupitishwa kooni mpaka kwenye njia ya hewa, na mashine huanza kumsukumia pumzi. Wagonjwa walio wengi huamshwa mara kazi ikiisha, mpira ukatolewa papo hapo mezani. Wachache, ambao wamevuja damu nyingi, au wameingiwa na sumu ya maradhi, au wamepasuliwa moyo, mapafu ama ubongo, huachiwa mashine kwa saa au siku kadhaa mpaka mwili utulie.

Vijana wetu wasidhani kwamba elimu hii ni ngeni kabisa kwa Uislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha utabibu namna ya kupitisha bomba la dhahabu au fedha kooni mwa mtu anayeshindwa kuvuta pumzi. Ibn an-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili, karne kadhaa kabla ya waganga wa Ulaya kulisema jambo hilo.

Ama mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi kama tuvijuavyo leo ni mji wa Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Mji ule ulipatwa na tauni ya polio, ugonjwa unaolemaza misuli hata ile ya kupumulia. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walioshindwa kupumua au kumeza walitibiwa kwa vyombo vya wakati ule, na 27 wakafa. Ndipo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri wagonjwa watobolewe kooni na wasukumiwe hewa kwa mfuko wa mpira, kama afanyavyo yeye katika chumba cha kupasulia. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12. Mashine za kutosha hazikuwapo, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakashika zamu, usiku na mchana, wakibinya mifuko ile kwa mikono yao. Vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla mashine haijawa chuma na umeme ilikuwa mkono wa kijana aliyekesha kando ya kitanda cha mtu asiyemjua.

Hasara ya kukaa sana na hasara ya kuharakisha

Mtu aweza kusema: kama mashine yampumulia mgonjwa vizuri, kwa nini asiachiwe mwezi mzima akapumzika? Hapa ndipo penye siri ambayo nyumba ile ya Bunda haikuijua. Mguu uliofungwa kwa plasta hukonda, na kiwambo kisichofanya kazi hukonda vile vile, tena upesi zaidi. Mwaka 2008 matabibu wa Marekani walichapisha uchunguzi wa viwambo vya watu 14 ambao bongo zao zilikwisha kufa, nao walikuwa wamepumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za nyama ya viwambo vyao zilikonda kupita nusu zikilinganishwa na za watu waliopumuliwa kwa saa chache tu. Saa 69 ni siku tatu kasoro kidogo.

Tena mpira ulio kooni, pamoja na faida yake, ni njia ya vijidudu kushukia mapafuni. Mgonjwa hawezi kukohoa makohozi yake vizuri wala kusema na jamaa zake. Kila siku isiyo ya lazima humzidishia hatari ya homa ya mapafu.

Lakini kuharakisha nako kuna hasara yake. Kiwambo kilichochoka kikitwikwa kazi yote kwa ghafula hushindwa, mgonjwa hutweta, na huenda ikalazimu kumrudishia mpira katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Basi kazi yote ya daktari na muuguzi ni kuijua ile njia ya kati: lini misuli ya mgonjwa ina nguvu ya kutosha, na mzigo kiasi gani yaweza kuubeba.

Vipi hujulikana

Njia ya kwanza ni jaribio. Kila asubuhi mgonjwa hutazamwa: je, ugonjwa uliomwingiza kwenye mashine umepungua? Je, yu macho, aelewa akiambiwa abinye mkono? Je, damu yake yapata hewa ya kutosha? Je, aweza kukohoa? Akifaulu, dawa za usingizi hupunguzwa, na mashine huachwa isaidie kidogo sana au isisaidie kabisa, kwa nusu saa hadi saa mbili, huku mpira ungali kooni na muuguzi amesimama kando. Mwaka 1995 matabibu wa Uhispania walionyesha kwamba wagonjwa waliojaribiwa mara moja kila siku kwa namna hii waliachishwa mashine upesi, karibu mara tatu kuliko wale waliopunguziwa pumzi za mashine polepole kwa desturi ya zamani. Na mwaka uliofuata utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kumkagua mgonjwa kila siku na kumjaribu kulipunguza muda wa mashine kutoka siku 6 hadi siku 4 na nusu.

Njia ya pili ni hesabu. Misuli iliyochoka huvuta pumzi fupi fupi za haraka, mithili ya mbwa aliyekimbia juani. Mwaka 1991 mabwana wawili, Yang na Tobin, walitoa hesabu nyepesi: idadi ya pumzi kwa dakika igawanywe kwa lita za hewa katika kila pumzi. Mgonjwa apumuaye mara 20 kwa dakika, nusu lita kila mara, hesabu yake ni 40, nayo ni nzuri. Apumuaye mara 35, robo lita kila mara, hesabu yake ni 140. Waliweka mpaka wao kwenye 105. Aliyeupita mpaka huo yaelekea hatastahimili.

Njia ya tatu ni kuutazama msuli wenyewe ukifanya kazi. Kwa chombo cha utrasaundi, kile kile ambacho akina mama wajawazito wanakijua, daktari huweka kichwa cha chombo ubavuni na kupima kiwambo kinavyonenepa kila mgonjwa avutapo pumzi. Msuli unaofanya kazi hunenepa ukikaza. Usionenepa haufanyi kazi. Wengine hubandika vibandiko kifuani, kama vya kupimia moyo, ili kunasa umeme mdogo utokao katika misuli. Na tangu mwaka 1999 imejulikana njia ya kupitisha mpira mwembamba puani hadi kwenye umio, karibu na kiwambo, wenye nyaya za kuusikiliza umeme huo. Mashine husubiri amri ya mgonjwa mwenyewe: kiwambo kikitaka kidogo husaidia kidogo, kikitaka zaidi huzidisha. Siku kiwambo kinapofanya kazi kwa utulivu bila ya msaada mkubwa, mashine yenyewe hutoa ushahidi kwamba mgonjwa amekomaa kuachishwa.

Na kwetu Mara?

Msomaji wa Musoma atatwambia kwamba vyombo hivyo vya mwisho ni vya nchi tajiri. Hatumbishii. Mashine za kupumulia ni chache kwetu, na wataalamu wa kuzitumia ni wachache kuliko mashine. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, Musoma, ilianza kujengwa katika miaka ya 1970, ikakaa miaka mingi bila kumalizika kabla ya kuanza kuhudumia watu. Mgonjwa mzito bado aweza kupelekwa Bugando, Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa kupitia Bunda. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Hiyo ni hatua ya kushukuriwa. Lakini chumba hakimtazami mgonjwa, mtu ndiye amtazamaye.

Tulizungumza mjini Musoma na muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyewahi kufanya kazi katika vyumba hivyo. Alitueleza kwamba humhesabia mgonjwa pumzi kwa dakika nzima, wala hahesabu nusu dakika akazidisha. Kisha huweka kiganja juu ya tumbo. Kifua kikipanda na tumbo likapanda pamoja nacho, moyo wake hutulia. Kifua kikipanda na tumbo likazama ndani, ajua kwamba kiwambo kimechoka na shingo na mbavu zinabeba mzigo usio wao, hapo humwita daktari. Hutazama na shingo, na jasho la kipaji, na macho. Tukamwuliza, je, saa ya ukutani na kiganja vyatosha? Akasema, "Havitoshi, baba zangu. Lakini asiyevitumia hivi, hata akiletewa mashine ya thamani hataisoma."

Neno hilo twawausia vijana wetu wa kike na wa kiume wanaosoma uuguzi na udaktari. Nchi hii yahitaji wataalamu wa pumzi na wa usingizi, nayo ni kazi ya thawabu kubwa. Mola wetu amefundisha, katika sura ya Al-Maida aya ya 32, kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote.

Hofu ya chumba cha mahututi

Kutoka Makutano tulikata kwenda Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere na mahali pa kaburi lake. Mzee mmoja wa pale alitukumbusha Oktoba 1999, siku ambazo nchi nzima ilikaa kando ya redio ikisikia habari za Mwalimu akiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ya St Thomas', London, akiugua saratani ya damu, mpaka tarehe 14 alipofariki. Mzee akasema tangu siku hizo, akisikia mtu ameingizwa chumba cha mahututi, moyo wake huanza kutafuta sanda.

Twamwelewa mzee wetu. Tena takwimu hazimkatalii kabisa: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya hospitali nne kubwa za rufaa nchini, Bugando ikiwamo, ulionyesha kwamba katika wagonjwa zaidi ya 5,000 wa vyumba hivyo, wapatao 4 katika kila 10 walifariki. Ni wengi, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini basi 6 katika kila 10 walitoka hai, na aliyekuwa kwenye mashine hakuweza kutoka hai ila kwa kuachishwa. Mwenye kuizuia siku ile ameuzuia mlango wa kutokea.

Hukumu ya dini

Ama lile jambo la kwanza, la mtu asiye na tumaini tena, wanazuoni wamelizungumza kwa uangalifu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman, Jordan, Oktoba 1986, lilikata shauri kwamba ikiwa kazi zote za ubongo zimekoma kabisa, na matabibu wajuzi wakathibitisha kwamba hazirudi tena na ubongo umeanza kuharibika, basi yajuzu kuziondoa mashine hata kama moyo ungali wapiga kwa msaada wake. Hilo lina masharti yake, nalo huulizwa kwa wanazuoni na matabibu pamoja, haliamuliwi kwa hasira wala kwa uchovu wa gharama.

Jambo letu la leo si hilo. Kumwachisha mashine mgonjwa aliyepata nafuu ni sehemu ya tiba, kama kumfungua bendeji kidonda kilipofunga. Nasi tumeamrishwa kujitibu. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mola, basi hatuwezi kudai tawakkali kwa kuikataa kamba.

Tena tazameni hekima ya Qurani Tukufu. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mola wetu amezungumza juu ya kunyonyesha miaka miwili, kisha akaruhusu wazazi wamwachishe mtoto kabla ya hapo iwapo wameridhiana na kushauriana. Jambo dogo machoni pa watu, la mtoto na maziwa yake, Mola ameliwekea ridhaa na mashauri! Itakuwaje basi kwa mzee na pumzi yake? Daktari asiyewashauri jamaa amepungukiwa na adabu hii, hata kama elimu yake ni pana. Na jamaa wanaokata shauri kwa kilio bila ya kuuliza wamepungukiwa nayo vile vile.

Wasia kwa nyumba zetu

Kwanza, chagueni mtu mmoja mwenye moyo mtulivu awe msemaji wa ahli, naye aandike asikiacho. Habari ikipita vinywa saba haifiki ilivyotoka.

Pili, mkiambiwa mgonjwa atatolewa mashine, ulizeni kwa upole maneno haya: Je, mwataka kumwachisha kwa kuwa amepata nafuu, au kwa kuwa hapana tumaini? Mtamjaribu vipi, na kwa muda gani? Akishindwa, mtamrudishia msaada? Daktari mwema hatachukizwa na maswali haya. Na mjue kwamba wapo wanaoshindwa jaribio la kwanza wakafaulu la pili au la tatu. Tena hata kati ya waliotolewa mpira baada ya kufaulu, 1 au 2 katika kila 10 huenda wakarudishiwa. Hilo peke yake si kosa la mtu.

Tatu, msimtie mgonjwa mwenye mpira kitu chochote kinywani: si maji ya Zamzam, si kombe, si asali. Twajua mapenzi yaliyomo katika kufanya hivyo, lakini tone likishuka mapafuni laweza kumletea maradhi mapya. Msomeeni Qurani kwa sauti ya chini karibu na sikio lake, mshikeni mkono, mwiteni kwa jina lake. Huenda asikia.

Nne, msianze kilio kabla ya msiba. Mgonjwa aamkaye katika jaribio akiona nyuso za matanga huingiwa na hofu, na hofu huzidisha pumzi za haraka.

Tano, anayengojea kupasuliwa aache sigara mapema awezavyo, awaambie madaktari kama ana pumu, na ajizoeze kuvuta pumzi ndefu mara kwa mara kila siku. Akishapasuliwa tumbo, aukumbatie mto akohoapo, na aketi au ainuke mara aruhusiwapo. Asione kwamba kulala kimya ndiko kupona.

Sasa tumjibu kijana wa Bunda. Mwanetu, hamkumdhulumu baba yenu kwa kusudi, na Mwenyezi Mungu ajua nia. Mlimpenda, mkaogopa, na yule aliyewapigia simu hakuwafafanulia. Lakini mapenzi yasiyouliza yalimzidishia mzee siku ambazo hakuzihitaji. Nenda ukamsimulie shangazi yako na ami yako haya uliyoyasoma, kwa adabu, bila ya kumlaumu yeyote. Kisha kaa karibu na baba yako, umtazame anavyopumua mwenyewe, ushukuru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walioko Musoma, Bunda, Butiama na kila mahali, awape matabibu na wauguzi wetu elimu yenye manufaa na subira, na atujaalie kuishukuru kila pumzi kabla haijawa ya mwisho. Amin.